Gari Linavuja, Sisi Tunamwaga Maji!

Ndugu zangu, leo nina ugomvi. Nina ugomvi na mafundi wetu wa magari, na nina ugomvi mkubwa zaidi na sisi tunaowapelekea hayo magari. Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema ili asiye na muda aende zake: tunalipia spana, hatulipii akili. Tunamlipa mtu kwa kufungua na kufunga. Yule anayekaa chini saa nzima akitafuta kwa nini kitu kimeharibika, tunamwona anatupotezea muda. Na akimaliza kutafuta tunamuuliza bila aibu, "Sasa unanidai nini wakati hujafanya kitu?"

Matokeo yake kila mmoja wetu anayajua. Gari likianza kuvuja maji ghafla, hakuna anayeuliza yanavujia wapi. Swali la kwanza ni, "Nani ana dumu la maji?" Tunajaza, tunaondoka, linachemsha tena, tunajaza tena. Wengine wanapasulia yai bichi ndani ya rejeta, wengine wanatia binzari, eti vizibe tundu. Kweli vinaweza kuziba tundu, lakini vinaziba pia vile vijia vyembamba vya rejeta vilivyowekwa ili maji yapoe. Siku injini ikinoki tunasema "gari lilikuwa bovu tangu bandarini", au tunasema kuna mtu ana mkono mbaya.

Utaniambia hii ni habari ndogo, nchi ina mambo makubwa ya kuandika. Siyo ndogo. Kwa kijana wa mjini gari la mtumba kutoka Japani ndiyo mali kubwa kuliko zote alizowahi kumiliki. Wengine wamelinunua kwa mkopo ambao bado wanaulipa. Injini ikifa kwa sababu ya mpira wa maji wa bei ya chakula cha mchana, huyo mtu amerudishwa nyuma miaka. Na gari lililozimika usiku kwenye barabara kuu, limewekewa matawi ya miti nyuma huku malori yanapita kwa kasi, ni kaburi linalosubiri wenyewe. Kwa hiyo tukae tuongee.

Mfano ninao, tena wa karibu. Rafiki yangu ana Toyota Altezza. Vijana wenzangu mnaijua: taa za nyuma za duara duara, imekaa chini, ina injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Toyota waliitengeneza kati ya mwaka 1998 na 2005, na huko Ulaya na Marekani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Fanya hesabu mwenyewe. Hata iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka 20. Rangi unaweza kuipiga upya, rimu unaweza kubadilisha, muziki unaweza kuongeza, lakini mpira wa maji uliokuja na gari kutoka kiwandani nao una miaka hiyo hiyo.

Tulitoka Dar alfajiri kwenda Same. Mama yake rafiki yangu anaishi Mbaga, juu kwenye milima ya Pare, na kesho yake asubuhi alikuwa na miadi ya kliniki ya macho KCMC, Moshi. Miadi yenyewe aliisubiri muda mrefu. Altezza ilivyo chini haina ubavu wa kupanda Mbaga kwa ile barabara ya vumbi na mawe, kwa hiyo mama alikuwa ateremke na gari la abiria, alale kwa ndugu pale Same mjini, alfajiri tumpeleke Moshi. Kutoka Same hadi Moshi ni kilomita mia na ushee tu. Mpango mzuri.

Tukapita Mombo, tukapita Hedaru, tukapita Makanya. Anayeijua njia ile anajua joto lake. Milima ya Pare imesimama mkono wako wa kulia, kijani huko juu kama nchi nyingine, na wewe huku chini upo kwenye vumbi, mikonge na miiba. Mvua inabaki mlimani, barabarani linashuka joto peke yake. Kilomita chache kabla ya kuingia Same mjini mshale wa joto ukaanza kupanda. Dakika ishirini kabla ya hapo ulikuwa umetulia. Ikaja harufu, ukaja mvuke, rafiki yangu akaweka gari pembeni na kuzima. Chini ya gari, si mbele kwenye rejeta bali katikati, karibu na giaboksi, maji ya rangi ya chai yalikuwa yanachuruzika kama bomba lililosahauliwa.

Tukavutwa hadi mjini. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika nchi hii ukifungua boneti unafungua mkutano wa hadhara.

Fundi wa kwanza hakuinama. Alitazama mvuke, akatazama rimu za gari, nadhani akatazama na viatu vyetu. "Hii ni gasketi ya silinda hedi. Tunashusha hedi. Andaeni laki nane, kesho kutwa jioni mnaondoka." Wa pili akasema la kwanza ni uongo, tatizo ni themostati, itolewe itupwe. Wa tatu, dereva wa lori aliyekuwa anakunywa chai, akatuonea huruma, "Wadogo zangu, wekeni maji, beba na madumu mawili, mtafika." Watu watatu, majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyeingia chini ya gari. Hakuna aliyegusa kitu. Hakuna aliyeuliza swali hata moja!

Mimi kazi yangu ni uandishi wa habari. Nikimpelekea mhariri habari ya namna hiyo, bila kwenda kwenye tukio, bila kumhoji mtu, anairudisha na maneno makali juu yake. Lakini fundi anayetaka kufungua injini nzima kwa kuona mvuke tu tunamwita mtaalamu!

Tukaelekezwa kwa mzee mmoja, gereji yake ni gereji bubu kama nyingine, nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Limezimwa saa ngapi?" Tukamwambia. "Basi tukae kwanza. Likiwa la moto halina maelezo, lina hasira tu."

Tukakaa. Hapo ndipo wengi wetu tungeshaondoka tukimwita mvivu. Lakini yule mzee alikuwa anajua fizikia kuliko wengi wetu tuliofaulu mtihani wake. Mfuniko wa rejeta siyo kizibo cha chupa. Magari mengi ya Toyota mfuniko umeandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo ni presha inayoshikiliwa mle ndani. Same iko kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari. Maji ya sufuria pale yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na kila ukipanda mita 300 unapoteza nyuzi moja nyingine. Juu kabisa Shengena, kilele kirefu kuliko vyote vya Pare chenye mita 2,462, yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Ile presha ya mfuniko ndiyo inayofanya maji ya injini yavumilie hadi zaidi ya nyuzi 115 bila kuchemka. Ukiufungua wakati wa moto umeiondoa presha ghafla, maji yote yanachemka kwa pamoja na yanakurukia usoni. Watu wameungua uso na kifua kwa ajili ya haraka ya dakika kumi.

Lilipopoa akauliza maswali. Lilianza ghafla au lilikuwa linapunguza maji kidogo kidogo? Ghafla. Moshi mweupe nyuma? Hapana. Zulia la miguuni kwa abiria limelowa? Akapapasa mwenyewe, kavu. Akachomoa kijiti cha oili, akaiangalia: nyeusi, safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Akafungua mfuniko wa oili, akaangalia kwa ndani, hakuna utando mweupe. "Sasa," akasema, "aliyesema gasketi aliona nini?"

Hakuna aliyejibu.

Tuelewane. Hakusema gasketi haiwezi kuungua. Injini iliyochemka sana inaweza kuunguza gasketi, hata kupinda hedi. Alichosema ni kwamba kila ugonjwa una alama zake, na huwezi kumhukumu mtu bila ushahidi. Gasketi ikiachia, maji huingia kwenye oili, au huingia kwenye silinda na kutoka kama moshi mweupe, au upepo wa silinda huingia kwenye maji na kutoa mapovu kwenye rejeta bila kukoma. Pale hakikuwepo hata kimoja. Kilichokuwepo ni maji yanayodondoka nje, yanaonekana kwa macho. Kama yanatoka nje, kuna mahali yanatokea.

Akajaza maji safi taratibu, hayakuvuja. Huyo fundi wa kwanza angekuwepo angeshangilia, "Si nimewaambia!" Mzee akaenda kuleta kidude chake: mfuniko wa zamani wa rejeta, katikati ameutoboa na kuufunga valvu ya tairi. Akaukaza kwenye rejeta, akaunganisha pampu ya baiskeli, akapampu taratibu huku akipima kwa geji ya upepo hadi karibu paundi 13, yaani ile ile 0.9 iliyoandikwa kwenye mfuniko wetu. Hakuzidisha. Akamwambia kijana wake ashike tochi, wote wawili wakaanza kutazama, si kuanzia chini maji yalipodondokea, bali juu.

Hapo ndipo pana siri. Maji yanashuka, na gari likiwa kwenye mwendo upepo unayasukuma nyuma. Unapoyaona yanadondoka kwenye giaboksi, hayo ni makazi yake tu, kwao ni kwingine. Unatafuta mahali palipolowa palipo juu kuliko pote na mbele kuliko pote. Dakika tano hivi kijana akasema, "Mzee, hapa." Nyuma ya injini, karibu na ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, mpira mmoja wa maji yanayokwenda kwenye hita ulikuwa umepasuka karibu na klipu, ufa wa urefu wa kucha. Bila presha ufa unajifunga na huoni kitu. Ukiweka presha unafumbuka kama mdomo na kurusha uzi mwembamba wa maji.

Wakaukata, wakafunga mpira mpya na klipu mbili mpya, wakarudisha presha, geji ikasimama pale pale dakika kumi bila kushuka. Wakatoa upepo kwenye mfumo, wakawasha, wakasubiri feni ifanye kazi na kupumzika mara mbili. Jioni ile ile tulikuwa na gari. Alfajiri tukampeleka mama Moshi, na miadi yake hakuikosa. Tungemsikiliza yule wa laki nane, saa ile injini ingekuwa vipande vipande kwenye turubai.

Lakini mzee alituambia jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya niandike. "Gari hili halina themostati. Na hizi si kulanti, ni maji ya bomba na kutu." Rafiki yangu akakumbuka. Mwaka mmoja nyuma, gereji moja ya Dar ilimwambia themostati ni ya Wazungu, kule kuna baridi, "sisi huku joto, ya nini?" Wakaitoa, wakaitupa, wakamwaga kulanti na kujaza maji.

Jamani, hii kauli ya "ni ya Wazungu" imeua injini ngapi? Themostati haipo kwa ajili ya theluji. Kazi yake ni kuifanya injini ifike haraka kwenye joto inalolitaka na ibaki hapo. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inakaa ya baridi muda mrefu, inakunywa mafuta zaidi na inalika zaidi. Tena kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji gari likishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta kabisa. Yaani umeitoa ili gari lisichemshe, na kumbe umelisaidia kuchemsha!

Kulanti nayo hivyo hivyo. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na injini yenye hedi ya aluminiamu inaihitaji hata ukiishi jangwani. Maji ya bomba, na hasa ya kisima, yanakuja na chumvi na madini yake. Yanaacha magamba kwenye rejeta, yanakula chuma, na kutu inayokaa kwenye mdomo wa bomba la chuma inatafuna mpira kwa ndani. Ule mpira wa rafiki yangu ulichoka kwa umri, ni kweli. Lakini ulipokatwa tuliona ndani yake ile kutu imeganda kama ugoro. Haukuchoka peke yake, ulisaidiwa.

Sasa najua mtakayosema. Nimeshawasikia mkiyasema.

Wa kwanza atasema, "Kosa ni lenu, gari la spoti si la barabara za Tanzania." Hapana bwana. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda East African Safari kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Miaka hiyo mashindano yalikuwa ya tope, vumbi na mawe. Kabla yao, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404. Mnadhani hawa walikuwa wanabeba madumu mawili na kuomba Mungu? Gari la mashindano linakaguliwa kila linaposimama. Barabara haikuwa laini kwao, uzembe ndio haukuwepo.

Wa pili atasema, "Mafundi wetu ni matapeli." Baadhi, ndiyo. Lakini hebu tujiulize nani amewafundisha. Fundi akikuambia, "Nipe elfu kumi na tano nilichunguze gari lako, tatizo nitakalokuta tutaongea bei yake," utampa? Hutampa! Utakwenda kwa anayesema "naliona tatizo kutokea hapa" na anayeanza kufungua kabla hujamaliza kusalimia. Tumejenga soko ambalo mkweli analala njaa na mbahatishaji anakula. Fundi akibahatisha na kukosea, analipwa. Akibahatisha mara ya pili, analipwa tena, kwa sababu amebadilisha kitu na kitu kinaonekana. Akitafuta kwa saa nzima na kukuta ufa wa urefu wa kucha, tunampa ya mpira na soda. Yule mzee wa Same alituambia bei ambayo rafiki yangu aliona aibu kuilipa ilivyokuwa ndogo, akaongeza. Lakini aliongeza kwa hiari, kama sadaka. Hiyo ilipaswa kuwa ada, si sadaka.

Wa tatu, huyu ndiye ninayemheshimu, atasema, "Wewe una maneno, lakini fundi wa gereji bubu atapata wapi vifaa?" Swali zuri. Jibu ni mfuniko wa zamani, valvu ya tairi na pampu ya baiskeli. Vifaa vya kisasa vinasaidia, sikatai, na siku hizi kila gereji ina kijana mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Lakini mashine hiyo haitakuonyesha mpira uliopasuka. Inaweza kukuambia injini ina joto kupita kiasi, jambo ambalo mvuke ulishakuambia bure. Kilichopungua kwetu ni utaratibu: subiri, uliza, tazama, pima, ndipo ushike spana. Utaratibu huo unafundishika. VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, wanawapima na kuwapa vyeti. Ningependa kuona kwenye kipimo hicho fundi anapewa gari linalovuja na kuulizwa, "Linavujia wapi, na umejuaje?" Asiyeweza kujibu hilo la pili, arudi darasani.

Na kama tunataka mwalimu, hatuna haja ya kumtafuta Japani, yupo pale pale Upareni. Wapare wana ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwenye mteremko. Maji ya mfereji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa na watu wanamwagilia kwa zamu. Ziko za miaka mingi sana, na nyingine, kama ile ya Manoo katika bonde la Makanya, zimefuatwa na watafiti kutoka nchi za mbali. Sasa fikiria mfereji umekauka huku chini na mahindi yananyauka. Je, wenye ndiva wanafungulia maji zaidi kule juu na kurudi kulala? Wakifanya hivyo watakuwa wanamwagilia msitu. Mtu anatembea na mfereji, anapanda nao hatua kwa hatua, mpaka aone ulipobomoka. Kisha panaitishwa msaragambo, kijiji kinatoka na majembe, panazibwa. Wamejifunza hivyo kwa sababu kwao maji ni kitu cha thamani. Wilaya ya Same imeteseka na maji kwa miaka mingi; ule mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe unaochukua maji Nyumba ya Mungu umekuja kuzinduliwa Machi 2025. Halafu sisi tunasimama pale pale na kumwaga madumu kwenye rejeta iliyotoboka!

Kuna utani wa siku nyingi kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku. Watani zao Wachagga wanaucheka sana. Mimi siku hizi siucheki. Ukiuangalia vizuri, ni mtu anayesema: sitaki kufidiwa kuku, nataka ijulikane nani alimchukua. Huyo ndiye mteja ambaye mafundi wetu wanamhitaji. Mteja anayesema, "Fundi, kabla hujafungua kitu, nionyeshe. Ni gasketi? Nionyeshe mapovu, nionyeshe oili. Ni pampu ya maji? Nionyeshe kile kitundu cha chini kinavyochuruzika. Ni rejeta? Nionyeshe plastiki ilipoachana na aluminiamu." Na anayesema pia, "Hapa kuna pesa ya kunionyesha." Hizi sentensi mbili zinakwenda pamoja. Ukisema ya kwanza bila ya pili, wewe ni msumbufu tu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Moja. Ukiona maji chini ya gari, usikimbilie dumu. Zima, subiri lipoe, uangalie rangi. Maji meupe yasiyo na harufu upande wa abiria, siku ya joto umewasha AC, yawezekana ni jasho la AC tu, endelea na safari yako. Ya rangi, au yenye utelezi, au yenye kutu, hayo ni ya injini.

Mbili. Lipa uchunguzi, na uulipe kando, hata kama fundi hakugusa msumari. Ukilipa uchunguzi unanunua haki ya kukataa matengenezo usiyoyahitaji.

Tatu. Likishatengenezwa, dai lipimwe tena mbele yako. Fundi anayeamini kazi yake hataudhika. Anayeudhika ameshakujibu.

Bei ya kujua ni ndogo kuliko bei ya kubahatisha, na kwenye magari unaweza kuihesabu kwa shilingi. Anayeona nimekosea aje na hoja, ila asije na dumu.

Nawasilisha.